VAT kwenye kondomu: ikifutwa, shilingi 90 ya kila pakiti itaishia kwa nani?

Tuseme Tanzania inafuta VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye kondomu na vidhibiti mimba vingine. Zahanati ya serikali inatoa uzazi wa mpango bure. Lakini anayeshuka mtumbwini mwalo wa Kirumba, Mwanza, saa nne usiku anakuta zahanati imefungwa. Kilicho wazi ni duka la dawa. Huyo ndiye anayeguswa na kodi inapotozwa.

Hesabu yenyewe inawatelezesha wengi. VAT ya asilimia 18 ikitozwa huwa imeshaingizwa ndani ya bei ya kuuzia, kwa hiyo kuitoa unazidisha bei kwa 18 kisha unagawa kwa 118. Tuseme boksi la pakiti 24 limeuzwa kwa bei ya jumla ya shilingi 14,160 pamoja na VAT. Kodi ni 2,160, si 2,549. Kila pakiti imebeba 90. Duka dogo la Igoma, ambalo mauzo yake hayafiki milioni 200 kwa mwaka, halilazimiki kusajiliwa VAT, kwa hiyo kwenye risiti yake hiyo 90 huioni. Imejificha kwenye bei ya jumla.

Sasa futa kodi. Pakiti ya 1,000 itauzwa 910? Chenji ya 90 nani anayo? Bei itabaki palepale na 90 itaingia mfukoni mwa mtu wa katikati. Taulo za kike zilipita njia hiyohiyo: VAT iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019 kwa hoja kwamba mnunuzi hakuona nafuu.

Aina ya nafuu nayo ina uzito. Ukitoa msamaha, yaani bidhaa isitozwe VAT kabisa, muuzaji aliyesajiliwa hawezi kudai arudishiwe VAT aliyolipia umeme na pango la ghala, basi anaisukumia kwenye bei. Kiwango cha sifuri, yaani VAT ya asilimia 0, kinamruhusu kudai, ingawa marejesho yakichelewa mtaji wake unakwama. Mimi bado nachagua sifuri.

Halafu namba za forodha, ambazo sheria huzitumia kutaja bidhaa. Kondomu ni 4014.10, vidonge vya homoni 3006.60, na kitanzi cha shaba hakimo kwenye hizo mbili. Sheria ikitaja moja tu, nyingine hazipati nafuu hiyo.

Uingereza ilishusha VAT ya kondomu kutoka asilimia 17.5 hadi 5 mwaka 2006. China imekwenda kinyume: tangu Januari 2026 inatoza asilimia 13, ikitamani watoto zaidi.

Kwetu, bei mpya ichapwe kwenye pakiti yenyewe, na iwe inayolipika kwa sarafu zilizopo: 900, si 910. Wenye shehena ya zamani wapewe tarehe ya kuimaliza, la sivyo mpaka Ukerewe kila duka litadai mzigo wake ni wa kabla ya nafuu.