Picha za kumaliza mkanda

Kamera yangu ya kwanza, Yashica, aliniletea ami kutoka Maskati mwaka 1995, Idd imekaribia. Ilikuja na mkanda mmoja tu wa picha 36, na kabla sijajua hata inafunguliwa wapi, shangazi alishazigawa: watoto wake kwa zamu, yeye mbili, bibi moja akikubali.

Sikukuu mosi jioni tukashuka Forodhani, Unguja. Shangazi alitaka Beit el Ajaib, lile jumba la kale, iwe nyuma yake na saa ya mnara ionekane. Nikarudi kinyumenyume mpaka muuza juisi ya miwa akapiga kelele: "Wee kijana, utaniangushia mashine!" Watoto wakacheka. Shangazi hakucheka, alisimama kama askari wa gwaride. Picha ilikuwa pesa, na pesa haichekewi.

Kesho yake zikabaki picha chache. Nani apeleke studio mkanda haujaisha? Basi nikapita mbele ya jumba nikifyatua ovyo, almuradi mkanda uishe nikausafishe. Nikapiga baraza, mizinga ya mlangoni, chochote. Ya mwisho iligota njiani ikapandana na ya kabla yake, nguzo zikaota juu ya nguzo.

Zilipotoka, za watu zikaingia albamu, ile ya kurasa zenye gundi. Za ovyo zikabaki kwenye bahasha ya studio, chini ya kabati.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit el Ajaib ikaporomoka pamoja na mnara wake, jumba la tangu Sultan Barghash, 1883. Wiki ile kila mtu alikuwa akitafuta picha. Za albamu zilikuwa zimepauka, nyuso zimekuwa nyekundu, nyingine hazibanduki. Za bahasha zilikuwa kama zimetoka studio jana. Katika moja unaona rangi ilivyobambuka chini ya nguzo ya chuma, na baskeli imeegemezwa hapo, kikapu cha muhogo kikining'inia kwenye usukani. Kwangu mimi hiyo inazishinda zote za gwaride.

Nikampelekea shangazi kwenye simu. Akaikuza kwa vidole, akaipekua pembe zote.

"Hii ya baskeli ya nani?"

"Sijui, shangazi. Tazama jumba."

"Jumba nalijua. Yangu iko wapi, ile niliyovaa viatu vya Dubai? Mkanda ule nilichangia mimi."