Siku moja na kontena ya Mama wa Kamukunji

Saa kumi na moja asubuhi simu inalia. "Kijana wangu, imetoka?" Kazi yangu ni kutolea watu mizigo forodhani, na Mama ni mteja wangu, anauza thamosi na vyombo soko la Kamukunji Nairobi, kontena yake ya futi 40 ilishushwa na treni huku Embakasi ICD (bandari kavu ya Nairobi) na siku za bure zinaisha leo usiku, kesho storage, ile pesa ya mzigo kukaa hapo, inaanza kuhesabu. Namwambia Mama tulia, ingawa mimi mwenyewe sijatulia.

Saa mbili niko ofisini (ofisi ni meza mbili juu ya duka la hadiweya). Mama ashafika na karatasi zake. Swali ni lile lile la kila mzigo: "Mbona ushuru unapigwa juu ya pesa ambayo sikununulia thamosi?" Ndio nikamchorea. Ushuru haupigwi kwa bei ya kiwanda peke yake, unapigwa kwa bei, bima na nauli ya meli zikiwa zimejumlishwa. Sasa tuseme nauli ni laki tatu, mzigo wake uko asilimia 25, hapo nauli peke yake imezaa elfu 75 za ushuru kabla hujagusa VAT ya asilimia 16. Kwa hivyo ile 2024 meli zilipozunguka Afrika Kusini zikikwepa Bahari ya Shamu na nauli ikapanda, na ushuru ulipanda nayo. Halafu kuna IDF (ada ya tamko la kuingiza mzigo) asilimia 2.5 na ile ya kujenga reli asilimia 2, hii ya reli unalipa hata kama mzigo wako ulikuja na lori. Mama akanyamaza, akaniuliza kama kuna chai.

Saa nne mpaka saa nane ni kungoja tu. Kampuni ya meli inataka malipo yake kwanza, tumelipa tangu jana lakini kwao "haijaonekana", na bila release yao, yaani ruhusa ya kutoa kontena, hakuna geti inafunguka.

Saa tisa ikaonekana! Mbio kutafuta lori. Hapa ndio huwa nachoka kabisa, kutoka Mombasa ni karibu kilomita 480, kutoka Embakasi hadi godauni ya Industrial Area hata 15 hazifiki, lakini gawanya bei kwa kilomita uone aibu, hii safari fupi ndio ghali. Dereva anajua siku zinaisha na anajua najua. "Bosi, jam ya Outering si yangu." Nikakubali bei yake.

Saa mbili usiku vijana wanashusha. Kontena tupu bado iko na sisi na isiporudi kwa kampuni ya meli kwa wakati, siku za kuchelewa zinalipwa kwa dola, deposit ya Mama (pesa aliyoweka kama dhamana ya kontena) nayo inakaa huko huko kwao.

Mama amekaa juu ya katoni, kalamu mkononi. Thamosi ya mia saba amekata, ameandika mia saba themanini. Nikamwomba moja kwa bei ya jana. Akacheka, akaniambia jana ilikuwa haijafika.