Kisu cha kukunja ninachotembea nacho: nilivyokichagua hapa Dodoma

Kazi yangu ni kufunga mipira ya umwagiliaji wa matone kwenye mashamba ya zabibu: Hombolo, Mpunguzi, Matumbulu, popote nitakapoitwa. Kisu hakikai mfukoni. Asubuhi kinafungua mfuko wa mbolea, baadaye kinakata kamba ya katani nguzoni, mchana kinamenya embe, na katikati ya hayo yote kinakata mpira, mpira, mpira. Nilipoamua kutafuta kisu kimoja cha kukunja cha kukaa nacho miaka, sikuanza kwa kuuliza chapa ipi ni nzuri. Nilianza na huo mpira.

Mpira wa matone tunaoutumia sana una kipenyo cha milimita 16. Ukiukata, mdomo wake lazima utoke mviringo na ulionyooka, ndipo kiungio kiingie na kukaza. Ukikatika mshazari au ukibonyea, maji yanavuja palepale, na mizabibu ya mwisho wa mstari inabaki na kiu. Kisu chenye ubapa mnene kinaubonyeza mpira kwanza, halafu ndiyo kinauchana. Ubapa mwembamba unapita. Kwa hiyo sharti langu la kwanza likawa wembamba, na mpaka leo naona hilo ndilo watu hawaliangalii. Mtu anafika dukani, anapitisha kidole gumba kwenye makali, anaridhika, analipa. Lakini makali utayatia mwenyewe nyumbani wakati wowote. Unene wa chuma kilicho nyuma ya makali ndio utakaoishi nao.

Mimi nakishika kisu kwenye mwanga, nakitazama kwa upande wa ncha, naangalia jinsi ubapa unavyoshuka kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Mgongo wa milimita 2 hadi 3 unatosha kabisa kwa kazi za mfukoni. Urefu wa ubapa, sentimita 7 au 8. Ukizunguka Majengo sokoni utaviona vile vyeusi vyenye meno nusu, vimechorwa fuvu, mgongo mnene kama patasi. Vinavutia macho, lakini mpira havikati vizuri, na embe ndiyo kabisa.

Kuhusu chuma, kuna jambo nataka lieleweke vizuri, maana linawapotosha wengi. Muuzaji mmoja alinitolea sumaku akaniambia, “Kaka, tazama, haishiki. Hiki ni chuma cha pua original.” Nikamrudishia kisu chake. Chuma cha pua kisichoshikwa na sumaku ni kile cha vijiko na masufuria mengi: hakipati kutu kirahisi, lakini hakigumuki kwa kuchomwa moto na kupozwa, na chuma kisichogumuka hakishiki makali. Chuma cha pua cha kisu ni aina nyingine. Kina kromiamu, mara nyingi kama asilimia 13, na kina kaboni ya kutosha kukigumisha. Sumaku inakishika vizuri tu. Kwa hiyo sumaku ikikataa kwenye ubapa, usinunue.

Chuma cha kaboni kisicho cha pua nacho nakipenda, kinanoleka haraka na makali yake ni matamu. Juisi ya zabibu na embe inakibadilisha rangi kuwa kijivu chenye bluu, na hiyo si dalili mbaya. Kutu ya kahawia ndiyo inayokula. Kiangazi cha Dodoma, hewa ilivyo kavu, ningeweza kuishi nacho. Kuanzia Desemba mvua zikiingia, ukichanganya na jasho la mfukoni lenye chumvi, kinataka kupanguswa na kupakwa mafuta kila jioni. Nikichoka sifanyi hivyo, kwa hiyo nikachagua cha pua.

Nilichukua kilichopigwa alama ya 8Cr13MoV, chuma cha Kichina chenye kaboni ya takriban asilimia 0.8 na kromiamu asilimia 13. Si chuma cha kujivunia mbele ya wenye fedha zao, ila kinanoleka kwa jiwe la kawaida. Hilo nililitaka makusudi. Chuma kigumu sana kinakaa na makali muda mrefu, lakini kikiisha makali ukiwa Hombolo, jiwe la kawaida halikiwezi. Hata Victorinox wa Uswisi, ambao karakana yao ilianza mwaka 1884, visu vyao vya mfukoni wanavipa ugumu wa kama 56 tu kwa kipimo cha Rockwell, wakati wapo watengenezaji wanaozidi 60. Kisu cha mtu wa kazi lazima kikubali kunolewa na mwenyewe.

Alama kwenye ubapa, hata hivyo, mtu yeyote anaweza kuichora. Nilichofanya ni kununua kwa mzee mwenye meza yake ya kudumu, si kwa wanaotembeza. Nikamwambia, “Mzee wangu, nikikinoa leo na kikawa butu kwa kukata kamba tu, nakirudisha.” Akasema, “Kirudishe, mimi nipo hapahapa.” Sikukirudisha.

Sasa loki, yaani kinachozuia ubapa usijikunje ukiwa kazini, na hapa nilikaa sana. Kisu cha kukunja kisicho na loki kinashikiliwa na springi tu. Vile vidogo vyekundu vya Victorinox vingi viko hivyo, na kwa kumenya na kukata uzi havina shida. Kwa kazi yangu, ambapo wakati mwingine ncha inakwama kwenye mpira na unalazimisha, ubapa ukirudi unakuta vidole. Opinel wa Ufaransa wanatumia pete ya chuma inayozungushwa shingoni, waliianza mwaka 1955, na ni loki nzuri na rahisi. Kilichonizuia ni mpini wake wa mbao: ukilowana unavimba na kubana ubapa, nami mikono yangu ina maji siku nzima. Marehemu mjomba wangu alikuwa na Okapi, yenye mpini wa mbao wenye mwezi na nyota, na pete ya kuvuta nyuma. Visu hivyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na siku hizi vinatoka Afrika Kusini. Ukikifungua kinalia ka-ka-ka-ka, na mjomba alikithamini kweli. Mimi mlio ule sikuutaka. Ukikifungua kwenye daladala umenye chungwa, watu wote wanageuka.

Nikaishia kwenye loki ya kibati: ndani ya mpini kuna kibati chembamba kinachojisogeza chenyewe nyuma ya ubapa ukishafunguka, na kukifunga unakisukuma pembeni kwa kidole gumba. Kipime kabla ya kulipa. Fungua kisu mpaka mwisho. Shika mpini kwa ubavuni, vidole vyote viwe nje ya njia ya ubapa, kisha kandamiza mgongo wa kisu kwenye ukingo wa meza ya mbao, kwanza polepole, halafu kwa nguvu ya wastani. Kikiachia, mrudishie mwenyewe. Kisipoachia, tazama kibati kimesimama wapi. Kiwe kimeingia nyuma ya ubapa kwa uhakika, lakini kisiwe kimevuka mpaka kugusa ubavu wa pili, kwa sababu kibati kinaendelea kusogea kadiri kinavyolika, na kilichofika mwisho kikiwa kipya hakina tena pa kwenda. Mwisho, tikisa ubapa kushoto na kulia. Ukicheza, jaribu kingine.

Pia nilitaka kinachofungwa kwa skrubu badala ya ribiti. Vumbi letu mnalijua. Linaingia kwenye bawaba, linakutana na sukari ya zabibu, na kisu kinaanza kufunguka kwa kusuasua. Kwa bisibisi ya nyota nakifungua chote, naosha kwa maji ya moto na sabuni, nakausha, natia tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja tu. Mafuta mengi yanakusanya vumbi zaidi.

Wanoaji wanaopita na baiskeli zenye jiwe la kuzunguka nawapelekea panga. Kisu hiki siwapi. Jiwe likizunguka kwa kasi bila maji, cheche zinaruka na ukingo mwembamba unapata joto kali. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya bluu, ugumu wake umeshatoka. Ninacho kinoo cha pande mbili, upande wa chembe kubwa namba 400 na upande laini namba 1000. Pembe naipata hivi: nasimamisha kisu wima juu ya jiwe, hiyo ni nyuzi 90, nakilaza nusu, 45, nusu tena, inabaki 22 na kitu, nakilaza kidogo zaidi niwe kwenye 20. Nanoa upande mmoja mpaka nikipapasa upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, nahisi chuma kinakwaruza kidole. Huo mkwaruzo ndio unaonihakikishia kwamba jiwe limefika ukingoni kabisa. Kabla haujatokea sigeuzi upande. Nikimaliza, napitisha makali kwenye mkanda wa ngozi, nikivuta kuelekea mgongoni, halafu naukata mpira mmoja kuona mdomo wake.

Nakitembeza kikiwa kimefungwa, kwenye mfuko wa suruali ya kazi. Nikiwa na shughuli Bungeni, mahakamani au kwenye mkutano wa hadhara, kinabaki nyumbani. Nikisafiri kwa ndege kinaingia kwenye begi la kupakiwa chini, kwa sababu kwenye begi la mkononi kitachukuliwa. Vile vya kujifyatua kwa kitufe sikuvigusa hata kidogo. Hakuna kazi ya shambani inayovihitaji, na mbele ya askari utaeleza mpaka uchoke.

Kijana ninayefanya naye kazi amenunua chake majuzi. Mkono wake ni mkubwa, akataka ubapa wa sentimita 9, sikumbishia. Tulivipima loki pale pale mezani kwa mzee, baadhi vikaachia, mzee mwenyewe akaviweka pembeni bila neno. Kilichoshika akalipa, na kinoo akachukua siku hiyohiyo.