Kwani ngozi nayo inapumua?

Juzi usiku nampaka mwanangu mafuta kwenye mikunjo ya viwiko, huku anajikuna, akaniuliza, "Baba, kama hii ni pumu ya ngozi, kwani ngozi nayo inapumua?" Nikacheka mpaka mama yake akachungulia kutoka jikoni.

Enzi zile nakaa dirisha la bima hospitalini, kazi nimefundishwa siku mbili, ya tatu nikaachiwa kiti. Daktari anaandika ugonjwa, mimi natafuta namba yake kwenye ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa, najaza fomu. L ni ngozi, J ni kifua, ila upele na fangasi utavikuta B, na ukurutu usioeleweka ni wa aina gani unapiga L30.9 maisha yanaendelea.

Sasa siku hiyo mwandiko wa daktari kama kuku kaparua, mwenyewe kashaingia na mgonjwa mwingine, umeme umekatika, jenereta linaunguruma nje ya dirisha. Nikamuuliza mama mtoto, "Dada, mtoto kaambiwa ana nini?" Akasema, "Pumu, kaka..." Kumbe kuna neno likaliwa na jenereta. Nikaandika J45.9, nikagonga muhuri.

Fomu ikarudi imekataliwa. Mama wa uhasibu hakugomba, bora angegomba. Alisimama nyuma ya kiti changu, akailaza fomu mezani taratibu, akaweka kidole kwenye J45.9 halafu akakiburuza polepoleee mpaka kwenye dawa: haidrokotizoni, ya kupaka. Kidole kikabaki pale.

"Mwanangu," akasema, "hii krimu mlimpaka kwenye mapafu?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, kuna mzee alikuja na kikohozi chake alicheka mpaka nikamwogopea. Mama akachukua kalamu nyekundu akaandika L20.9, namba ya pumu ya ngozi, akaondoka.

Basi nikawa mwoga, yaani kila kinachowasha mimi L30.9 tu, mpaka mtoto mwenye mapunye kichwani ambaye ni B35.0 kabisa, nayo ikarudi, maana grisiofulvini, dawa ya fangasi, na ukurutu wapi na wapi. Kama hela za fomu zile nilikatwa sikumbuki. Kile kidole nakikumbuka.

Wiki iliyopita nimempeleka huyu wangu hospitali, daktari kaniambia wazi pumu ya ngozi, nikachungulia fomu dirishani: L30.9. Kijana hata ndevu hazijaota. Jenereta hakuna, kimya, foleni ndefu nyuma yangu. Nikafungua mdomo.

Nikasaini.