Ukienda Undredal, ingia kwa maji

Nimeshafika Undredal mara mbili, ya kwanza kwa barabara na ya pili kwa boti, na nyie mnaonitumia meseji kuniuliza njia nawajibu mapema kabisa: nendeni kwa boti.

Kwa asiyepajua, Undredal ni kijiji kidogo huku magharibi mwa Norwei, kipo kwenye Aurlandsfjord, watu wake hawafiki hata mia na mbuzi ndio wengi. Fiordi ni mkono wa bahari ulioingia ndani katikati ya milima, zamani sana barafu kubwa ilipita hapo ikachimba bonde, ilipoyeyuka bahari ikaingia ikajaa. Aurlandsfjord ni tawi la Sognefjord, na hiyo Sognefjord ina urefu wa zaidi ya kilomita 200 na kina kinachopita mita 1,300. Mimi mtoto wa Kigoma, nikisikia habari za kina cha maji lazima nilinganishe na kwetu, Ziwa Tanganyika linafika mita 1,470, kwa hiyo maji marefu yaliyobanwa na milima sio kitu kigeni kwangu. Ila haya ni ya chumvi. Nilichovya kidole pale gatini nikaonja, nikashangaa chumvi yenyewe kidogo sana, kumbe theluji ikiyeyuka milimani maji matamu yanakuja kukaa juu na ya bahari yanabaki chini.

Safari yenyewe unaanza Bergen, treni kama saa mbili hivi mpaka Myrdal, stesheni iko juu mita 866. Hapo unahamia treni ya kwenda Flåm, kijiji kilicho mwisho wa hiyo Aurlandsfjord, kilomita 20 tu lakini inakula karibu saa nzima maana inashuka mpaka usawa wa bahari, inapita mahandaki 20 na mengi watu waliyachimba kwa mikono. Inasimama Kjosfossen, kwenye maporomoko, mnashuka kidogo mnapiga picha mnarudi ndani nguo zina unyevu. Sitasema mengi hapo, video zake zimejaa kila mahali.

Mara ya kwanza nilitoka Flåm kwa basi. Handaki, kilomita 5 za giza, unatoka nje sekunde chache na dereva anakushusha njia panda kabla hajaingia handaki jingine la kilomita 11. Nikabaki peke yangu barabarani na begi, mvua ile ya manyunyu, nikashuka bonde kwa miguu kama kilomita 6. Bonde zuri sana sikatai, mto unaenda na wewe pembeni, lakini nilipofika kijijini nikakutana na migongo ya nyumba. Kuni zimepangwa, trekta limeegeshwa, kamba za nguo, mapipa ya taka. Nikazunguka kidogo, nikanywa kahawa, nikaondoka na moyo mzito kwamba nimekuja mbali kwa kitu nisichokiona, na sikujua nimekosa nini.

Baadaye ndio nikaja kujua barabara ile imefika mwaka 1988 tu. Kabla ya hapo kila kitu kilikuja kwa maji, unga, barua, bibi harusi, maiti, mwalimu mpya, vyote. Sasa kijiji kilichoishi hivyo miaka mamia kitaangalia wapi kama sio majini? Nilikuwa nimeingia uani bila kupita mlangoni.

Kwa hiyo Juni iliyofuata nikachukua boti Flåm, ile inayoenda Gudvangen. Ukipanda waambie kabisa wahudumu unashuka Undredal, usipowaambia na kama hakuna mtu anayesubiri wanapita moja kwa moja. Kama nusu saa hivi, milima imesimama wima pande zote mbili, maporomoko membamba kama uzi mweupe, halafu boti ikapunguza mwendo ikakata kona na kijiji kikafunguka mbele yangu chote kwa mara moja. Vibanda vya boti vyekundu mbele kabisa, miguu ndani ya maji, nyumba nyuma yake zimegeuza madirisha kwetu, na juu kidogo kanisa dogo jeupe. Nilishikwa na kilio, kweli kabisa, maana niliona Kalya.

Bibi yangu alikuwa Kalya, kusini mwa Kigoma, na tulikuwa tunaenda kwa MV Liemba. Meli ilikuwa haifiki ufukweni, inasimama majini mbali kidogo na ufuko mara nyingi usiku, mitumbwi inakuja na tochi, watu wanapiga kelele, wewe mtoto unapokezwa mkono kwa mkono mpaka chini. Na vijiji vingi vya fiordi navyo zamani vilikuwa hivyohivyo, meli inasimama nje, watu wanapiga makasia kwenda kuchukua wageni na mizigo.

Kanisa ni la mbao, la karne ya 12, wanautaja mwaka 1147, linaingia watu kama 40 tu na bado watu wanasali humo. Ukikaa benchi la nyuma unamsikia wa mbele akihema.

Halafu jibini. Wanatengeneza nyeupe na ya kahawia, zote za maziwa ya mbuzi. Ile ya kahawia wanachukua yale maji yanayobaki maziwa yakishaganda na kuchujwa, wanachemsha masaa na masaa huku wanakoroga mpaka sukari ya maziwa inaiva na kuwa kahawia. Harufu yake ni kama kashata inayokaribia kuiva. Mama mmoja mtu mzima alinikatia kwa kile kisu chao chenye upenyo katikati, anakivuta kwake taratibu, kipande kinatoka chembamba kama jani, akanilazia juu ya mkate. Utamu kwanza, halafu chumvi, halafu mwishoni kabisa mbuzi anakuja. Nikamwambia kwetu tunapika samaki na ugali kando ya ziwa lenye milima kama hii, akaniuliza, "Mna barabara?" Nikamwambia kwa bibi yangu zamani hapana, meli tu. Akatikisa kichwa, akakata kipande kingine, kinene zaidi.

Jioni nikateremka gatini. Pale kuna taa, ukitaka boti ikuchukue unaiwasha inaanza kumwekamweka. Nikaiwasha nikakaa juu ya begi langu. Boti ikatokea mbali kule, ndogo kabisa chini ya mlima, ikaenda moja kwa moja kama vile haijaniona, halafu ikageuza pua ikaja.