Flopi za mzee zimefunguka jamani
Jana nimekesha na flopi tatu za marehemu mzee, zile diski za zamani za kuhifadhia mafaili, za MB 1.44, ndani nakuta BARUA.ARJ, BARUA.A01 na BARUA.A02, yani miaka ya 90 faili likiwa kubwa unalibana kwa ARJ (programu ya kupunguza ukubwa wa faili) halafu unaligawa flopi kwa flopi. Laptop yangu inazishangaa tu. Nikaweka DOSBox (programu inayoiga kompyuta za zamani za DOS) na ARJ yenyewe ya zamani, nikaandika amri ya kufungua faili lililogawanywa, arj x -v barua.arj, ikagoma, kumbe mzee kaweka paswedi 😭 nikaongeza -g (ya kuingizia paswedi) nikajaribu majina yetu wote wapi, nikaweka namba ya pikapu yake ya zamani ikakubali!! Barua 41, ya kwanza anamdai mjomba magunia mawili ya mkaa 😂