Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa tiba shufaa, Lushoto

Saa 12:30 asubuhi. Sala fupi na wenzangu, kisha dirisha la famasia. Chupa za morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, zinahesabiwa moja moja, natia saini daftarini, nazifunga mkobani pamoja na glavu, shashi na vidonge vya metronidazo. Nafanya kazi katika hospitali ya kanisa, nikiwatembelea nyumbani wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi tena. Watu wakiona bodaboda yangu inakata kona, wananong'ona kwamba wa nyumba ile kaisha. Inaniuma, maana siendi kuagana na mtu, naenda kumpunguzia maumivu.

Saa 2:30. Babu mwenye kiharusi. Namwogesha, namwonyesha mkwewe namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda.

Saa 4:00. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ile inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Harufu inakupokea mlangoni. Hajalala tangu juzi, na chupa ya morfini niliyoiacha haipo kitandani. Shemeji yake ameifungia kabatini.

"Nesi, hii ni dawa ya kumlaza afe. Sisi tuna imani, tunaomba."

Nikakaa. Nikamweleza kwamba tunaanza na kipimo kidogo, tunaongeza kadiri ya maumivu, na kwamba ikitolewa hivyo haimharakishii mtu kifo. Usumbufu wake mkubwa ni kufunga choo, ndiyo maana nimeleta na dawa ya kulainisha. Akarudia yaleyale. Nikarudia. Akasema mateso ni jaribu, anayeyakwepa amemkana Mungu. Huku nyuma ya pazia mama analia kwa sauti ya chini, na mimi hasira zinanipanda.

"Baba, mimi pia nimeomba leo asubuhi. Lakini Yesu alimhurumia yule mwenye ukoma, akamgusa kabla hajatakasika. Njoo umguse shemeji yako."

Hakujibu. Nikaingia peke yangu, nikasafisha kidonda, nikaponda metronidazo nikainyunyiza ili harufu ipungue. Nageuka, amesimama mlangoni na chupa mkononi. Baada ya nusu saa hivi mama akaomba uji, na shemeji ndiye aliyeshika kikombe.

Ratiba imeshavurugika. Katika nyumba ya Waislamu namsubiri baba amalize swala ya adhuhuri ndipo tubadilishe bendeji ya mkewe. Hapo hakuna aliyewahi kuniuliza dini, wala mimi sijauliza. Kisha mvua, tope, bodaboda imekwama, napanda mlima kwa miguu na magoti yanawaka. Nyumba nyingine mbili. Chai sijaionja.

Giza limeingia ninaporudisha daftari. Kila mililita lazima ieleweke ilikokwenda. Nimevua viatu tu, simu inaita. Ni shemeji.

"Nesi, kipimo cha saa 4 usiku ni mara mbili ya kile cha mchana?"

"Ndiyo, baba. Mara mbili, ili maumivu yasimwamshe. Na ile ya choo usiisahau."